Vita vya Likoni na mzigo wa watibu

Mwaka 1917, katika hospitali ya Craiglockhart huko Scotland, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa waliotoka mahandaki ya Ufaransa wakiwa hawalali. Kazi yake ilikuwa kuwaponya warudi vitani. Kwa kuzungumza nao, akiwemo mshairi Siegfried Sassoon, naye akaanza kuwa na shaka na vita vyenyewe, hadi ikamjia ndotoni. Aliichambua ndoto hiyo katika kitabu kilichotoka 1923, baada ya kufa kwake. Wataalamu walichelewa kulifuata jambo hilo: McCann na Pearlman waliandika juu ya kiwewe kinachomfika msikilizaji mnamo 1990, na Charles Figley juu ya uchovu wa huruma mnamo 1995.

Mtibu wa nadharia hizo yuko nje ya vita na huumizwa na masimulizi tu. Afrika Mashariki wengi hawakuwa na bahati hiyo. Naasson Munyandamutsa, daktari wa magonjwa ya akili, alirudi Rwanda kutoka Geneva baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, akawahudumia manusura hali naye amefiwa na ndugu zake.

Pwani ya kusini ya Kenya mambo yalikuwa na utata zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kuchukua bunduki. Mashambulizi yakaenea hadi Diani na vijiji vya Kwale, yakiwalenga wabara, yaani watu waliohamia kutoka bara. Watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama makwao. Wengine walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Kisha msako wa polisi ukawaangukia vijana wa Kidigo, wenyeji wa huko, na wengi waliokamatwa waliteswa.

Tiba ilikuwa wapi? Wodi kubwa ya magonjwa ya akili ilikuwa Port Reitz, Mombasa, na njia ya kawaida kutoka Msambweni huko Kwale ilipita feri ya Likoni, palepale palipoanzia mauaji. Mwenye jinamizi alikuwa na mganga jirani, wa kupiga mburuga, yaani ramli, na kutuliza pepo. Lakini uganga nao ulikuwa umeingizwa vitani: wavamizi walikula kiapo na kupewa kinga msituni Kaya Bombo, na mganga aliyetajwa kuwaapisha alikamatwa. Mlango wa tiba ukawa pia mlango wa hofu. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa 1998 ilichunguza viapo hivyo kama chanzo cha machafuko. Kuwachunguza waganga kama watibu hakukuwa kazi yake.

Njia nyingine ya tiba, ushauri nasaha, ilipata umaarufu nchini baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 lililoua watu 213. Sheria ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia ilikuja 2014.

Wakati huo Kwale ilikuwa na jeraha jingine. Vijana waliovuka kwenda Somalia kujiunga na wanamgambo walianza kurejea, na mwaka 2015 serikali ikawaahidi msamaha. Baadhi yao waliuawa na watu wasiojulikana, na wazee wa vijiji nao wakauawa. Mshauri anayemsikiliza aliyerejea hubeba siri ambayo wanamgambo na polisi wote wanaweza kuitaka, na jioni hurudi kulala kijiji kilekile.