Sifa za Thomson kwa Wafipa

Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 22, alipita na msafara wake juu ya uwanda wa Ufipa akirejea kutoka Ziwa Tanganyika. Uongozi ulimwangukia tu. Keith Johnston, mkuu wa msafara, alikuwa amefia Behobeho Juni 1879, na Thomson akabaki na mnyapara Chuma, yule yule aliyeshiriki kuuleta mwili wa Livingstone pwani. Kitabu chake cha mwaka 1881 kinawasifu Wafipa kuwa watu wa jembe kuliko makabila yote aliyoyaona, tena wafumaji wa nguo za pamba. Ziwa Rukwa, alipoliona, alilibatiza jina Leopold.

Wasomaji wengi huona hapo Thomson wawili: rafiki wa Waafrika na mtangulizi wa wakoloni. Hoja yangu ni kwamba yupo mmoja tu. Msimulizi huyu hujivunia kusafiri bila kumwaga damu, na upole huo ndio unaompa msomaji wa London sababu ya kumwamini. Sasa fikiria anachoambiwa msomaji huyo: nchi ya juu, wakulima watulivu, ziwa linalosubiri jina. Ni sifa, naam. Ni taarifa ya shamba pia.

Wafipa walikwisha kuwa na masimulizi yao juu ya wageni. Katika mapokeo ya Milansi, makao ya kale ya watawala wa Ufipa, wanawake watatu wanafika kutoka mbali wakati mtawala yuko mawindoni. Alikuwa amemwonya mkewe asiwaachie wageni kiti chake, lakini mke anaingiwa na hofu, anakiachia, na ukoo wao, wa Watwa, unaanza kutawala. Milansi inabakiziwa heshima ya kimila. Masimulizi hayo hayajishughulishi sana na tabia ya mgeni, kama alikuwa mpole au katili. Yanatazama kiti. Kwa jicho hilo, wema wa Thomson haubadilishi hesabu.

Thomson mwenyewe alihangaika na wema huo. Katika *Ulu*, riwaya aliyoitoa mwaka 1888 pamoja na E. Harris-Smith, mhusika mkuu Gilmour anaukimbia ustaarabu wa Ulaya uliomchosha, anakwenda Uchagani na kuazimia kumwoa msichana Ulu. Lakini kwanza amfunze ustaarabu ule ule! Kisha moyo wake unahamia kwa binti Mzungu wa mmisionari. Kama riwaya, kazi hii ni dhaifu. Kama ungamo, inasema mengi kuliko vitabu vyake vya safari.

Machi 1890 Thomson alichapisha makala kali kuhusu matokeo ya Wazungu kukutana na Waafrika, akilaumu hasa pombe na bunduki. Mwaka huo huo alikubali kazi ya kampuni ya Cecil Rhodes: kutafuta mikataba na watawala magharibi ya Ziwa Nyasa, na kufika Katanga kwa mtawala Msiri. Mikataba kadhaa aliipata. Kwa Msiri hakufika, kwa kuwa ndui iliingia msafarani.