Shamba la Kuni Lililogeuka Mapafu ya Kirichwa

Kila asubuhi Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, hujaa watu: wanaokimbia, wanaonyoosha viungo, na wanaokemea mapepo kwa sauti chini ya mikaratusi huku kima wakiwachungulia. Wengi wao hawajui kwamba wanakanyaga shamba la kuni.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899, na injini za mvuke zilihitaji magogo mengi. Mwaka wa 1907 afisa wa misitu, Battiscombe, alitenga mteremko ulio kando ya kijito cha Kirichwa Kubwa ili ajaribu miti ya kigeni aone ni ipi ingekua upesi na kufaa kwa moto wa treni. Upande wa juu, mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya St Austin's mwaka uleule reli ilipofika, walikuwa wakilima kahawa. Leo eneo hilo ni Lavington, na mikahawa inayouza kahawa ni mingi kuliko mibuni.

Treni ziliacha kuchoma kuni, lakini miti ikabaki. Bustani ilitangazwa hifadhi mwaka wa 1932. Ina ukubwa wa takriban hekta 30 na aina zaidi ya 300 za miti. Kufikia miaka ya themanini vichaka vilikuwa vimefunika njia, na mtu mwenye akili timamu hakukatiza humo peke yake.

Zama zile ardhi ya umma ilitafunwa mchana kweupe. Mwanamazingira Wangari Maathai alisimama mwaka wa 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimikwa Uhuru Park, akatukanwa bungeni, na jengo lenyewe halikuwahi kujengwa. Wakazi waliounda chama cha Marafiki wa Arboretum ya Nairobi mwaka wa 1993 hawakupata umaarufu kama wake. Kazi yao ilikuwa ya kufyeka njia, kubandika vibao vya majina kwenye miti na kuzungumza na maafisa wa misitu, vikao juu ya vikao. Kwa maoni yangu, ni vikao hivyo visivyo na kamera vilivyouokoa ukingo ule. Sheria iliwafuata nyuma: ni Sheria ya Misitu ya 2005 iliyotambua vyama vya jamii kama washirika rasmi wa kusimamia misitu.

Toka nje ya uzio uone tofauti. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita 6 hadi 30, lakini bei ya ardhi Kileleshwa na Lavington haijui kusoma kanuni. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa kituo cha mafuta na mkahawa huko Kileleshwa, kwa madai kwamba vilikalia njia ya Kirichwa. Vilikuwa na vibali, na swali la nani aliyevitia sahihi lilizimika haraka kuliko vumbi la ubomoaji.

Chama cha ujirani kama Marafiki wa Arboretum kina mipaka yake. Kijito hakianzii kwenye lango la Arboretum. Kinafika kikiwa kimepita Kawangware, ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfereji wa majitaka, kisha nyuma ya maghorofa ya Lavington yaliyojengwa pale palipokuwa na nyumba moja kwa nusu ekari. Ni rahisi kwa mwenye ghorofa kumlaumu wa nyumba ya mabati, ingawa bomba la jengo lake likipasuka, maji hayo huishia mtoni vilevile. Mvua ikinyesha kutwa, marafiki wa miti huokota chupa na mifuko ambayo haikutupwa na yeyote aliyelipa kuingia bustanini. Mtoni wanaweza kuokota taka, si kuziba mabomba. Hayo yako chini ya kaunti na kampuni ya maji, na wenye majengo wanaoishi mita chache tu juu ya ukingo.