Makombo ya Chokaa

Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, mwanamume wa miaka 57 alikuwa anakata roho. Mlango wa moyo wake unaopitisha damu kwenda mwilini, yaani vali ya aota, ulikuwa umekakamaa kwa chokaa. Alikuwa mgonjwa mno kuweza kupasuliwa kifua. Daktari Alain Cribier akapitisha mrija mwembamba, katheta, kwenye mshipa wa damu wa pajani, akausukuma mpaka moyoni, kisha akapandikiza vali mpya moyo ukiwa unaendelea kupiga. Mgonjwa alipata nafuu palepale. Aliishi takriban miezi minne, akafariki kwa matatizo mengine yasiyotokana na moyo.

Wazo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1989 daktari kijana wa Denmark, Henning Rud Andersen, alinunua mioyo ya nguruwe buchani, akashona vali zake kwenye waya alizozikunja kwa mkono, na Mei mwaka huohuo akamwekea nguruwe hai vali ya namna hiyo bila kumpasua kifua. Kutoka kwa nguruwe yule hadi kwa mgonjwa wa Rouen, swali kubwa lilikuwa moja: je, inawezekana? Swali la pili lilichelewa: je, ubongo unapata nini?

Tazama kazi inavyofanyika. Vali ya zamani haitolewi. Mpya inatanuliwa ndani yake kwa nguvu, na ile chokaa inabanwa ukutani. Ukigonga ukuta mkuukuu, vipande vitabanduka. Hapa vipande vinaangukia kwenye damu inayokwenda kasi, na matawi makubwa ya kwanza ya aota, baada ya yale yanayolisha moyo wenyewe, ndiyo yanayopanda kichwani. Chembe moja ikiziba mshipa wa ubongo, mtu aliyekuja kutafuta pumzi anaweza kuondoka bila kauli.

Mwaka 2010 hesabu ilitolewa hadharani. Utafiti ulioitwa PARTNER ulichukua wagonjwa 358 wasioweza kupasuliwa, wakagawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 50.7 ya waliopewa matibabu ya kawaida walikuwa wamekufa. Kwa waliowekewa vali mpya, ilikuwa asilimia 30.7. Lakini katika siku 30 za mwanzo, asilimia 5.0 ya waliowekewa vali walipata kiharusi kikubwa, dhidi ya 1.1 ya wenzao. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na kidonda hiki kilikuwa na tarakimu.

Kisha wakaja wapiga picha. Wagonjwa waliotoka wakiongea na kutembea walipoingizwa kwenye mashine ya MRI, tafiti kadhaa zilikuta madoa mapya ya majeraha katika ubongo wa zaidi ya theluthi mbili yao. Wengi hawakuwa na dalili yoyote. Kiharusi tulichokuwa tukikihesabu kilikuwa kile tu chenye sauti.

Wahandisi wakaleta jibu lililoonekana halina ubishi: chujio. Vyavu viwili vidogo hupitishwa kutokea kwenye kifundo cha mkono wa kulia, vikategwa kwenye mishipa iendayo ubongoni, na kutolewa kazi ikiisha. Karibu kila vilipotolewa vilikuwa na kitu: damu iliyoganda, punje za chokaa, vipande vya vali na vya ukuta wa mshipa. Nani angeona takataka zile akakataa chujio?

Kura ilikataa. Mwaka 2022, katika utafiti wa wagonjwa 3,000, kiharusi kiliwapata asilimia 2.3 ya waliowekewa chujio na 2.9 ya wasiowekewa, tofauti ndogo inayoweza kuletwa na bahati tu. Viharusi vinavyolemaza vilikuwa vichache zaidi upande wa chujio, matumaini yakabaki hapo. Mwaka 2025 Uingereza ikaleta utafiti wa wagonjwa zaidi ya 7,600: asilimia 2.1 kwa 2.2. Wavu ulijaa, lakini viharusi havikupungua.

Hata hivyo, tarakimu zilikuwa zimekwisha kushuka tangu ile 5.0 ya mwaka 2010. Mirija ilikuwa imefanywa myembamba, mikono imezoea, na wagonjwa walioletwa walikuwa na afya bora kuliko wale wa mwanzo. Mwaka 2019, kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, kiharusi katika siku 30 kilikuwa asilimia 0.6 kwa njia ya katheta na 2.4 kwa kupasuliwa kifua.

Cribier alifariki Februari 2024, njia yake ikiwa imekwisha kutumika duniani kote. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa hana cha kupoteza. Wa leo anaweza kuwa na miaka 65, anaendesha gari, anawasomea wajukuu hadithi, na ana miaka 20 ya kuishi na ubongo huohuo. Kwake, madoa yale yasiyo na sauti ni hesabu inayostahili kuulizwa kabla hajatia sahihi.