Kizuizi cha Namanga

Msafiri aendaye kwa motokaa kutoka Nairobi kwenda Arusha huvuka uwanda wa Athi, kisha huingia katika nchi ya Wamasai yenye migunga na vumbi, na baada ya mwendo wa kilomita mia moja na sitini hivi huuona mlima wa Ol Doinyo Orok umesimama mbele yake. Chini ya mlima huo upo mji wa Namanga. Mji huu una jina moja na serikali mbili: nusu yake imo Kenya, na nusu yake imo Tanzania. Watu wa nusu zote mbili huelewana kwa Kimasai na kwa Kiswahili, na wengi wao wana ndugu na mifugo pande zote mbili. Hapana mto mkubwa wala bonde lililowatenga. Kinachomwambia msafiri kuwa amefika mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine ni kizuizi kilichowekwa njiani, pamoja na nyumba ya makarani kando yake.

Historia ya kizuizi hicho yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa imebeba fundisho lisiloonekana upesi. Ni rahisi kudhani kwamba mpaka uliochorwa na wageni ulikuwa mgumu katika siku za wageni hao, kisha ukalegea wenyeji walipojitawala. Mambo hayakwenda hivyo Namanga. Kwa mwenye motokaa, kizuizi kilikuwa chepesi wakati nchi zote mbili zilipokuwa chini ya Mwingereza. Na katika nyakati za amani hakikupata kuwa kizito kama kilivyokuwa mwaka 1977, zaidi ya miaka kumi na mitatu baada ya uhuru. Sababu ya jambo hilo ndiyo inayofaa kutafutwa.

Mstari wenyewe ulizaliwa mbali na Namanga. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana bara lililo nyuma ya pwani ya Sultani wa Unguja. Mpaka ulianzia katika mlango wa mto Umba, ukaenda mpaka ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini ili mlima wote uangukie fungu la Wajerumani, kisha ukanyooka moja kwa moja mpaka ufuko wa mashariki wa ziwa Viktoria. Mapatano mengine ya tarehe 1 Julai 1890 yaliuthibitisha. Iko hadithi ipendwayo sana isemayo kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima wa Kilimanjaro, na kwamba ndiyo sababu mstari ukapinda. Hadithi hiyo ni tamu, walakini haisimami. Mstari ulikubaliwa mwaka 1886, na Wilhelm hakukalia kiti cha ufalme wa Ujerumani mpaka mwaka 1888. Uliopinda mstari ni ubishi wa mikataba ambayo watu wa Carl Peters walidai kuifunga na watawala wa Kilimanjaro mwaka 1885. Ama Wamasai, ambao sehemu kubwa ya mstari ilipita katikati ya malisho yao, hawakuulizwa neno.

Mstari huo ulipata kuwa ukingo wa vita. Mwezi wa Novemba 1914 majeshi ya Mwingereza yalitoka Namanga kwenda kuwashambulia Wajerumani katika mlima wa Longido, yakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi 1916 yaliingia tena kwa nguvu kubwa zaidi, kwa njia ya Longido na kwa njia ya Taveta, na utawala wa Mjerumani upande wa kaskazini ukaanguka. Vita ilipokwisha, Tanganyika ilitiwa chini ya udhamini wa Uingereza, uliothibitishwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Tangu hapo pande mbili za Namanga zilikuwa na mkuu mmoja, ingawa zilikuwa na magavana wawili.

Matokeo yake yalionekana barabarani. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha forodha zao mwaka 1917, na kufika mwaka 1927 Tanganyika ilikuwa imeingia katika muungano huo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 shilingi moja ya Afrika Mashariki ilitumika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Hata herufi zilizobandikwa nyuma ya motokaa zilitangaza udugu: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika, EAZ kwa Unguja. Herufi mbili za kwanza zilikuwa za Afrika Mashariki nzima. Ya tatu tu ndiyo iliyokuwa ya nchi. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva wa mashindano hayo waliyaogopa matope ya masika kuliko karani wa forodha.

Hata hivyo haifai kuisifu hali ile kupita kiasi, kwa kuwa ni lazima kuuliza njia ilikuwa wazi kwa nani. Wenye motokaa walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika wa Kenya, mwanamume mzima, alilazimishwa kwa miaka mingi kuchukua kipande shingoni, na huo ulikuwa mpaka uliomfuata kila aendako. Tena soko lisilo na ushuru liliwanufaisha watu kwa vipimo visivyo sawa. Viwanda vilijengwa zaidi Nairobi na jirani zake. Tanganyika na Uganda zikawa wanunuzi. Kizuizi kilikuwa chepesi, lakini hesabu ya faida ya wepesi huo haikuandikwa mahali popote. Deni lisiloandikwa halifutiki kwa kunyamaziwa.

Uhuru ulipokaribia, viongozi waliiona hatari hiyo. Mwaka 1960 Julius Nyerere alisema kwamba alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zijitawale pamoja kama shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho hilo, shirikisho halikuzaliwa. Mwezi wa Julai 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kairo, Nyerere ndiye aliyetoa hoja kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe na wote. Hoja ilipita. Mstari wa mwaka 1886 ukawa, kwa hiari ya Waafrika wenyewe, mstari wao.

Uamuzi ule ulikuwa na busara, kwa maana uliwaepusha majirani hawa na vita ya kugombea ardhi. Lakini kukubaliana juu ya mahali pa mstari si kukubaliana juu ya mambo yanayopita juu yake. Mwaka 1966 shilingi ya pamoja ilikoma, kila nchi ikatoa sarafu yake, na msafiri wa Namanga akawa hana budi kubadilisha fedha. Mwaka 1967 Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala, na makao makuu yakawekwa Arusha. Mkataba huo ulijaribu kuirekebisha hesabu ya zamani: uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa zilizotoka kwa mwenzao mwenye viwanda vingi, na ulianzisha benki ya maendeleo kwa ajili ya wote. Ulikuwa mwanzo mwema, walakini manung'uniko hayakwisha.

Mojawapo lilihusu watalii. Wageni wengi walishuka kwa ndege Nairobi, wakapanda motokaa za Kenya, wakapita Namanga kwenda kutazama Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha wakarudi Nairobi. Tanzania iliona kwamba wanyama ni wake na vumbi ni lake, lakini sehemu kubwa ya fedha ilibaki kwa jirani. Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kilikusudiwa kuwaleta wageni moja kwa moja. Mwaka huohuo Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda, na wakuu wa nchi tatu hawakuweza kukaa tena katika baraza moja. Reli, bandari na ndege za pamoja zikaingia katika mabishano ya nani anamdai nani. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikwama, Kenya ikaunda shirika lake, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka.

Yaliyowapata wasafiri yanaonyesha uzito wa amri ile. Motokaa za watalii zilizokuwa zimetoka Kenya zilizuiliwa Tanzania, na wageni waliokuja kwa gari wakatafuta njia nyingine ya kutoka. Mwendo wa Arusha na Nairobi, ambao haufiki kilomita mia tatu, ukawa hauwezekani kwa njia ya halali. Watumishi wa Jumuiya, ambao jana walikuwa ofisini pamoja, walijikuta wageni katika nchi walimofanya kazi. Tanzania ilipoteza wageni wengi waliozoea kuingilia Nairobi. Kenya ilipoteza soko la jirani, na njia yake ya nchi kavu ya kwenda Zambia ikakatika. Biashara haikufa, bali iliingia gizani ikawa magendo. Na Mmasai mwenye ng'ombe aliendelea kufuata mvua na majani kama desturi yake. Mstari uliogawa nchi yake ulikuwa umefungwa kabisa kwa mwenye magurudumu, na kwa mwenye fimbo haukufungika.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: katika ugomvi huo wote hakuna aliyedai hata shubiri moja ya ardhi ya mwenzake. Mstari haukuwa na kesi. Kesi ilikuwa ya hesabu. Kwa hiyo dawa yake nayo ilikuwa ya hesabu. Victor Umbricht, mpatanishi kutoka Uswisi, alishughulika kwa miaka kadhaa kupima mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Mwezi wa Novemba 1983 Daniel arap Moi, Nyerere na Obote walikutana Arusha, wakaafikiana juu ya mgawanyo, na kizuizi kikainuliwa baada ya miaka sita na miezi tisa. Mapatano kamili yalitiwa sahihi mwezi wa Mei 1984, nayo yaliacha mlango wazi kwa ushirikiano wa baadaye.

Kwa mlango huo waliingia warithi. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi palepale Arusha. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, na soko la pamoja mwaka 2010. Mwezi wa Desemba 2018 Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua Namanga kituo cha huduma kwa pamoja. Kwa utaratibu huo, msafiri atokaye Kenya hasimami tena upande wa Kenya; hupita mpaka jengo la Tanzania, na humo huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. Mmoja humgongea muhuri wa kutoka, mwenzake humgongea wa kuingia. Kisha huonyesha kadi ya motokaa, hupewa kibali cha gari la kigeni cha muda, huhakikisha kuwa bima yake inakubaliwa ng'ambo, akaendelea na safari. Nje huwakuta wabadilisha fedha na wanawake wa Kimasai wenye shanga, ambao wamezoea kuwasoma wasafiri kuliko karani yeyote.

Lakini jengo jipya si kinga. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, nchi hizi zilipishana juu ya kuwapima madereva wa malori. Kenya ikafunga mpaka kwa abiria, na malori yakajipanga foleni ndefu Namanga. Ugomvi ulikwisha upesi kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa safari hii lilikuwapo baraza la kuzungumzia. Hata hivyo ulikumbusha kwamba kizuizi kilichoinuliwa hakikung'olewa.

Basi uzito wa mpaka hautokani na aliyeuchora. Wageni waliuchora bila haki, lakini wenyeji ndio walioufunga, na wenyeji haohao ndio walioufungua. Kila ulipofungwa, ilikuwa ni kwa sababu majirani wawili walikuwa na jambo la kugawana ambalo hawakuligawa wakati wa kucheka. Msafiri anayepokea mihuri miwili katika chumba kimoja, kisha akawasha motokaa yake kuelekea Longido, huenda asijue kwamba mihuri hiyo ni hesabu iliyofungwa kwa taabu ya miaka mingi. Wasomi wa nchi hizi mbili hawana ruhusa ya kutokujua.