Jicho la Shangazi na Ubishi wa Vienna

Shangazi yangu ana kisukari mwaka wa kumi na nne sasa. Alipoambiwa kliniki akapimwe macho, alinipigia simu akiwa amekasirika. "Mwanangu, mimi naona vizuri. Hata uzi kwenye sindano natunga mwenyewe." Nilikosa jibu, nikakimbilia maktaba, kama ilivyo kawaida yetu wanafunzi wa historia.

Kabla ya 1851 hata daktari angekosa jibu. Mwaka huo Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Miaka michache tu baadaye, Eduard Jaeger wa Vienna akaeleza madoa ya njano na damu iliyovuja kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari. Albrecht von Graefe wa Berlin, bingwa wa macho wa zama zile, akakataa kwamba kisukari ndicho chanzo.

Simlaumu sana Graefe. Wagonjwa wengi wa wakati ule walikufa mapema, macho yao hayajapata muda wa kuharibika. Insulini ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921 watu wakaanza kuishi miaka mingi na kisukari, na ndipo upofu ulipojitokeza wazi. Swali likawa nani atapofuka, na lini. Kulijibu kulihitaji lugha moja: mwaka 1968 wataalamu walikutana Airlie House, Virginia, wakakubaliana jinsi ya kupanga uharibifu wa retina kwa hatua. Mwaka 1976 utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba mionzi ya leza hupunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1993 ukaja mwingine, wenye watu 1,441 wa kisukari aina ya kwanza: walioanza na macho mazima wakadhibiti sukari kwa ukali, hatari yao ilishuka kwa asilimia 76.

Nilimweleza shangazi kwamba kinachohesabiwa ni miaka ya ugonjwa, sukari, presha na figo. Kutunga uzi hakumo. Akanyamaza, akahesabu miaka yake.

Tulienda Jumanne. Baada ya matone ya kupanua mboni alitoka nimemshika mkono, anakunja uso kwa jua. Wamemwona na madoa machache. Arudi baada ya miezi sita.

Kwenye daladala akauliza, "Huyo wa Berlin, alikuja kuomba radhi?"

Alifariki 1870, nikamwambia. Edward Nettleship wa London alitoa ushahidi wenye nguvu mwaka 1872.

"Basi," akasema, "hakusubiri."