Hipospadia: kumchagua daktari wa upasuaji

Hipospadia ni kasoro ya kuzaliwa ambapo tundu la mkojo la mtoto wa kiume huwa upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha. Humpata takriban mvulana 1 kati ya 200 hadi 300. Mara nyingi govi hujaa upande wa juu na kukosekana chini, na uume huweza kupinda. Kadiri tundu linavyokuwa mbali na ncha, ndivyo urekebishaji unavyokuwa mgumu. Kasoro ndogo sana huenda isihitaji upasuaji.

Mtoto mwenye kasoro hii hapaswi kutahiriwa kabla ya kuonwa na daktari bingwa, kwa kuwa ngozi ya govi ndiyo hutumika kujengea mrija wa mkojo au kufunikia mshono. Palipo na desturi ya kutahiri watoto wangali wadogo, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kiislamu za pwani ya Afrika Mashariki, wazazi huhitaji kuambiwa hili mapema. Upasuaji wenyewe kwa kawaida humwacha mtoto akiwa ametahiriwa, hivyo desturi haivunjwi.

Upasuaji hufanywa kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18. Daktari huvaa miwani ya kukuza na kushona kwa nyuzi nyembamba mno. Operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi bora ya kufaulu: kila marudio hukuta makovu na ngozi pungufu. Kwa hiyo cheo pekee hakitoshi. Anayefaa ni bingwa wa upasuaji wa watoto, wa njia ya mkojo au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ambaye hufanya operesheni hii mara kwa mara.

Hatua ya kwanza ni kuhakiki usajili wake, kwa mfano katika Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara. Kisha mzazi ana haki ya kumuuliza: amefanya operesheni ngapi za aina hii mwaka uliopita, ni watoto wangapi walipata fistula, yaani tundu la pembeni linalovujisha mkojo, au mrija uliobana, ni nani hasa atakayeshika kisu, na kama mtoa usingizi amezoea watoto wadogo. Daktari mkweli hutaja matatizo aliyoyapata. Anayedai hajawahi kupata tatizo lolote ama amefanya operesheni chache, ama hafuatilii wagonjwa wake.

Hipospadia kwa kawaida si dharura. Familia ina muda wa kutafuta maoni ya daktari wa pili au kuomba rufaa ya hospitali kubwa. Baada ya upasuaji, mtoto mara nyingi hukaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki moja. Fistula ikitokea, huzibwa baada ya miezi 6 hivi, kovu likiwa limelainika. Kwa kuwa matatizo mengine hujitokeza miaka mingi baadaye, daktari anayefaa hupanga kumwona mtoto hadi apite balehe.