Jinsi ya kutunza matandiko ya farasi masika na kiangazi

MATANDIKO ya farasi hayachakai kwa kazi pekee. Mengi huharibiwa na jasho lisilopanguswa, jua kali na ukungu wa majira ya mvua. Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia uwanja wa mbio wa Ngong hadi viwanja vya polo vya Gilgil, tandiko la ngozi lililotunzwa vyema huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Likipuuzwa, huwa hatari. Ukanda wa tumboni ukikatika farasi akiwa mbioni, mpandaji huanguka pamoja na tandiko lake.

Ngozi iliyotengenezwa ni nyuzi za protini zilizoshikana, na baina yake mna mafuta yanayoziwezesha kujikunja bila kukatika. Kila inapolowa na kukauka, hupoteza sehemu ya mafuta hayo. Jasho nalo huacha chumvi ambayo hukausha ngozi na kudhoofisha nyuzi za mishono.

Kila siku baada ya kazi

Saisi anapaswa kupangusa matandiko kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, hasa upande wa ndani unaogusa mwili wa farasi. Lijamu huoshwa kwa maji safi, kwa kuwa mate na mabaki ya chakula yakigandamana huchubua kinywa. Ngozi haitumbukizwi ndani ya ndoo ya maji.

Kila wiki

Vipande vyote hufunguliwa na kusafishwa kwa sabuni maalumu ya matandiko, ambayo aghalabu huwa na gliserini. Sabuni ya kufulia haifai kwa sababu magadi yake huidhuru ngozi. Povu liwe haba, na uchafu ulioshikamana usugliwe polepole bila kukwaruzwa kwa kisu.

Ngozi inapokuwa bado na unyevu kidogo, hupakwa mafuta yafaayo, kama yale yatokanayo na miguu ya ng'ombe, kwa tabaka jembamba. Upande wa ndani, ambao hauna mng'aro, hufyonza zaidi. Kuzidisha mafuta ni kosa sawa na kuyakosa: ngozi hulegea, mikanda hurefuka na mishono huoza.

Majira ya mvua

Mvua ndefu za Machi hadi Mei, manyunyu ya Julai na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba huleta ukungu. Matandiko yaliyolowa hukaushwa kivulini penye hewa, kamwe si kando ya moto wala jiko. Yasifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kitambaa cha pamba kinatosha kuzuia vumbi. Ukungu ukionekana, yatolewe nje ya ghala, yapanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji. Yakishakauka ndipo hupakwa mafuta.

Kiangazi

Januari na Februari, jua na vumbi ndio maadui. Tandiko lililoachwa juani hukakamaa na kupasuka, na mchanga ulioingia katika mikunjo hukata nyuzi kama msasa. Kwa wanaofuga pwani, hewa yenye chumvi huharakisha kutu kwenye bizimu na vikuku, hivyo vyuma hivyo vipanguswe na kukaushwa kila siku.

Mahali pa kuhifadhi

Tandiko huwekwa juu ya gogo au ubao wa mviringo ili umbo lake lisipotoke. Hatamu isitundikwe kwenye msumari, kwani hujikunja mahali pamoja na kupasuka. Mkebe mtupu uliopigiliwa ukutani unafaa zaidi. Ghala lizuiwe panya, ambao hupenda kuguguna ngozi yenye chumvi ya jasho.

Ukaguzi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kupanda, mikanda ya tumboni, ya vikuku na hatamu ikunjwe kwa vidole. Mipasuko midogo ikijitokeza, tundu likiwa limerefuka au uzi ukikatika, kifaa hicho kipelekwe kwa fundi au kitupwe. Mafuta hayawezi kurudisha nguvu ya ngozi iliyokwisha kupasuka.

Punda nao

Kanuni hizi zinawahusu pia wenye mikokoteni ya punda. Mkanda wa ngozi uliokauka na kukakamaa humchubua punda kifuani na mabegani. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa sababu ya jeraha. Mwenye punda hupoteza mapato ya siku nyingi akingoja kidonda kipone, ilhali kitambaa chenye unyevu na mafuta kidogo vingemkinga na hasara hiyo.